Uzi wa Bibi na Tepu ya Dada Zuhura

Msamala, kijiweni, mchana

Skola mwanangu,

Shuleni walitufundisha kwamba barua inaanza kwa kuulizana hali, halafu mwandishi anasema yeye hajambo na wasiwasi wake wote uko kwa anayeandikiwa. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo nina ruhusa ya kuharibu. Hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai huku umeninunia, na maandazi ukayamaliza, maana hasira yako haijawahi kukunyima hamu ya kula. Hali yangu nayo unaijua. Mimi ni baba yako, mwendesha bodaboda bora kutoka hapa Msamala mpaka Matogoro, na wanaobisha wote nimeshawavuta kwa kamba pikipiki zao zilipowazimikia njiani.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, karatasi nimeilaza kwenye tangi. Ukikuta mwandiko umekatika ghafla, ujue abiria kaja. Nakupenda, lakini siwezi kumwachia Kasimu abiria kwa sababu ya mapenzi. Wewe umekwenda Matogoro kuliaga kaburi la bibi yako, na najua utakaa huko mpaka jua lipoe. Nina nafasi.

Utauliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu nikikuandikia habari ndefu unanirudishia kidole gumba. Karatasi haina kidole gumba. Utaisoma ndani ya basi, huna pa kukimbilia, na jirani yako kwenye kiti ataichungulia na kujua una baba wa namna gani.

Mambo ya begi, blanketi, na kutompa mtu simu yako akushikie stendi, mama yako ameshayasema. Anayasema hata sasa, anaviambia vyombo. Sirudii. Mimi nataka kuzungumza lile la Jumapili.

Jumapili mama yako alipika samaki, mbasa, alitaka uondoke na ladha ya Ziwa Nyasa mdomoni. Tukala vizuri mpaka mimi nilipofungua mdomo.

"Kabla hujaondoka," nikasema, "dada Zuhura anataka upite ukasaini."

"Kusaini nini?"

"Ule utafiti wenu. Umefika miaka kumi na nane, sasa unasaini mwenyewe. Mimi basi tena."

Ukaliweka tonge chini. "Baba, mimi sirudi kule. Nimechoka. Tangu nizaliwe napimwa kama gunia la mahindi. Kiuno, damu, mkojo, umekula nini, umelala vipi. Mimi nakwenda kuanza maisha yangu."

"Utasaini."

"Na mimi ninapata nini?"

"Utasaini. Nimesema."

Hapo mama yako akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Tangu siku ile unanijibu "ndiyo baba" na "hapana baba" kama vile mimi ni mtendaji wa kata.

Sasa sikiliza. Mimi sijawahi kukosa jibu. Trafiki wananijua, wateja wananijua, hata padri ananijua. Lakini uliponiuliza unapata nini, nilitafuta jibu kichwani nikakuta patupu, ndiyo maana nikapandisha sauti. Mtu mwenye jibu hana haja ya kusema "nimesema". Siku hizi zote nimekuwa nikilitafuta barabarani, abiria nyuma wananisemesha na mimi siwasikii. Nimepata vipande. Nakupa kama vilivyo, wewe mwenye shule utaviunga.

(Halafu kuna jambo nimelicheka peke yangu. Mtu kachoka kupimwa, anakwenda Tabora kusomea upimaji wa ardhi. Mashamba ya watu wa Tabora nayo yajiandae kuchoka.)

Ilivyoanza wewe hukumbuki, ulikuwa tumboni. Mama yako alikwenda kliniki akarudi na habari kwamba kuna watu wa utafiti wanaandikisha mimba. Wanataka kumfuata mtoto tangu hajazaliwa mpaka awe mtu mzima, wamtazame anavyokua, wajue kwa nini mwingine akifika ukubwani anapata kisukari au presha au pumu, na mwenzake aliyezaliwa mtaa huo huo hapati. Mama yako aliwaelewa. Mimi nilikuwa kijana, ndevu za kuhesabika, natengeneza baiskeli pale sokoni, nikasikia neno moja tu: watapimwa.

Mwaka ule mjomba wangu alikuwa ameshinda kwenye maonyesho ya wakulima. Alipeleka boga. Boga lile lilibebwa na watu wawili, likapandishwa kwenye mzani mbele ya watu, likapigiwa makofi, na mjomba akatembea Songea nzima kama kalizaa yeye. Sasa mimi nikiambiwa kuna watoto watapangwa, watapandishwa mzani mwaka hadi mwaka, na mtu anaandika, nifikirie nini kingine? Nikajua ni mashindano. Na mimi sijawahi kuingia mashindano ili nishindwe.

Siku yako ya kwanza ya kupimwa ulikuwa hata kukaa hujui. Nikachukua nati za baiskeli, zile nzito, nikazifunga kwenye nepi yako kwa ndani, vizuri, zisikuumize. Nilikuwa baba mwenye huruma. Tulikwenda watatu na bibi yako, mama yako alikuwa na homa. Dada Zuhura wakati huo alikuwa msichana, mgeni kabisa, ametoka Tanga na Kiswahili chake cha taratibu. Akakupokea, akakulaza, akafungua nepi. Nati zikamwagika sakafuni, zikaviringika mpaka chini ya kabati.

Akazitazama. Akanitazama mimi.

"Baba Skola," akasema, "mtoto amezaliwa na spea zake?"

"Ni za kuzuia jicho baya," nikajibu haraka.

Bibi yako alikuwa kwenye benchi. "Mwongo huyo," akasema. "Anataka mtoto ashinde."

"Ashinde nini, bibi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nilimzaa tu, akili alikwenda kuzitafuta huko nje."

Dada Zuhura hakunicheka, na hilo sikulisahau. Alikuvua nguo zote, akakupima, akaandika, ndipo akaniambia, "Hapa hakuna mshindi, baba. Mtoto akiwa mwepesi, tunautaka huo wepesi wake. Ukituongezea nati, unawadanganya watoto watakaozaliwa baada yake."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Safari iliyofuata sikuleta nati. Nilikujaza uji wa karanga njia nzima, ukamtapikia dada Zuhura kwenye koti lake jeupe, na ukatoka mwepesi kuliko ulivyoingia.

Ngoja, kuna abiria.

Nimerudi. Alikuwa mwalimu, mgeni hapa, anahamia. Akaniuliza nilikuwa naandika nini kwa bidii vile. Nikamwambia wosia. Akanishika kiuno kwa nguvu mpaka tumefika, na kushuka kashuka kabla sijasimama vizuri.

Sasa kuhusu uzi.

Bibi yako alikufunga uzi mweusi kiunoni ulipokuwa na siku chache tu, kama alivyofungwa yeye, na kama alivyonifunga mimi. Kila asubuhi akikuogesha anapitisha kidole kati ya uzi na ngozi. Ukibana, anafurahi, anaufungua na kuuongeza. Ukilegea, siku hiyo nyumba haina amani, mama yako anaulizwa mtoto kanyonya vipi, mimi naulizwa kwa nini nimekaa. Hakujua kusoma, bibi yako, lakini mtoto wa mtu hakukonda mbele yake bila yeye kuona.

Dada Zuhura alipokuja na tepu yake akataka uzi utoke, apime kiuno sawasawa.

"Hautoki," bibi akasema.

"Bibi, uzi unanizuia kidogo tu."

"Wewe una uzi wako, mimi nina wangu. Wako upite juu, wangu ukae chini."

Ikawa hivyo. Miaka yote ile tepu ilipita juu ya uzi. Dada Zuhura akimaliza, bibi anauliza, "Imesemaje hiyo yako?" Anaambiwa, "Amekua vizuri." Bibi anapitisha kidole, "Na wangu unasema hivyo hivyo." Wakawa marafiki, Mwislamu wa Tanga na Mkatoliki wa Matogoro, urafiki wao wote ukiwa umezunguka kwenye kiuno chako.

Ulipoanza kukimbia kimbia, bibi aliona umeshakuwa mtu, akaja na wembe aukate. Ukalia. Ukaushika kwa mikono miwili, ukakimbilia nyuma ya choo. Mimi nikasema, "Mama, mshike uukate, huyu mtoto mdogo anajua nini." Bibi yako akaurudisha wembe kwenye karatasi yake. "Uzi ni wake," akasema. "Siku akiuchoka ataniletea." Ukakaa nao muda mrefu, umechakaa, umebadilika rangi. Siku moja ukaja jikoni umeuvua mwenyewe, ukampa mkononi, ukaondoka kwenda kucheza. Hakukuuliza kitu. Mimi nilikuwepo, nikaona jinsi alivyoufunga kwenye pindo la kanga yake. Weka hilo kando, nitalirudia.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana la nati ni la kuchekesha watu kijiweni, wanalijua wote.

Mimi nilikua mwembamba. Shuleni waliniita Njiti. Kwa hiyo nilipopata pikipiki na vihela vikaanza kuingia, nikajiapiza mwanangu hataitwa Njiti. Kila tukitoka kupimwa nakupitisha mjini, soda ya chungwa, chipsi mayai. Nilikuambia ni pole ya sindano. Uongo mwingine. Sindano wewe hukuwahi kuiogopa, aliyeogopa ni mimi. Wakikutoa damu ulikuwa unanishika kidole, unanitazama usoni, unaniambia, "Baba, imeshaisha." Hukuwa hata umeanza darasa la kwanza. Kwa hiyo ile soda tulikunywa wawili, na mwenye kustahili pole hapo mimi.

Halafu soda ikawa siyo ya siku ya kupimwa tu. Ikawa ya Jumamosi, ikawa ya kila nikipata abiria wa mbali. Shule ilikuwa ya kutembea, nikawa nakupeleka kwa pikipiki mpaka mlangoni. Nakuleta hapa kijiweni nawaambia kina Kasimu, "Tazameni shavu hilo. Huyo analelewa na mwanamume." Wanakuvuta shavu, na mimi navimba kuliko wewe. Boga langu lilikuwa linakua.

Ulikuwa darasa la tatu dada Zuhura aliponiita nje, akarudishia mlango.

"Baba Skola, presha ya mtoto imepanda kidogo. Sisemi ni mgonjwa. Lakini siipendi."

"Presha? Mtoto? Mashine yako imekula betri."

"Nimempima mara tatu."

"Presha ni ya wazee, dada."

"Hiyo ndiyo tuliyokuja kuitazama," akasema. "Watu wanadhani haya magonjwa yanamjia mtu uzeeni kama mvi. Inaonekana mengine yanaanza mapema mno, mengine tumboni mwa mama. Hatujayajua yote, ndiyo maana tunawafuata watoto hawa taratibu."

"Kwa hiyo ni soda zangu?"

Ningependa angesema ndiyo. Ningependa pia angesema hapana. Akasema, "Sijui. Inaweza kuwa soda, inaweza kuwa ukoo, inaweza kuwa vyote viwili. Ila soda ndiyo unayoweza kuiacha leo."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza, na unajua mimi kunyamaza ni ugonjwa. Bibi yako alikuwa barazani anachambua maharage, mguu wake mmoja umenyooshwa, ule mwingine ndio walikuwa wameshaukata chini ya goti. Alijikata kidole cha mguu kwa jembe, kidonda kikagoma kupona, tukatumia majani, tukatumia maombi, na tulipofika hospitali ndipo tukaambiwa ana kisukari, na huenda anacho siku nyingi. Nikamweleza habari yako. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wanatafuta ugonjwa ulikoanzia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wangu watautafutia wapi?"

"Wako hapana. Wewe umeshakuwa mkubwa. Wanaanza na watoto."

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Mimi pia nilikuwa mtoto."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza, mimi mwanaye. Mama yake alikuwa na mimba yake mwaka ambao mvua ilikataa. Waliishi kwa mizizi ya porini na mboga chungu za kuchemshwa mara nyingi. Alizaliwa mdogo kiasi cha kutosha ndani ya ungo, wakamwekea makaa ya moto karibu wakingoja aende zake, hakwenda. Mwaka wenyewe hakuna anayeujua. Alipoolewa akaja mjini, akakuta sukari dukani, akakuta mkate, akakuta mafuta ya kupimiwa. "Nilikunywa chai ya sukari nyingi kama mtu anayelipiza," akasema. "Labda mguu wangu ulianza kuondoka wakati wa ile njaa. Labda ulianza kwenye chai. Nitajuaje? Uzi wangu waliutupa, na hakuna aliyeniandika popote."

Akanisogezea ungo nisaidie kuchambua. "Huyu wako anaandikwa," akasema. "Usiwapelekee nati tena."

Nilisaidia kuchambua maharage jioni ile, mimi, mbele ya majirani.

Unakumbuka kilichofuata, maana ulinichukia mwaka mzima. Soda ikaisha. Pikipiki kwenda shule ikaisha. Wenzako walikuzomea kwamba baba yako ana pikipiki na wewe unakanyaga vumbi, ukarudi unalia, nikakuambia petroli imepanda. Kasimu akasema nimefilisika. Nikavumilia. Presha yako ikarudi chini, dada Zuhura akasema vizuri, na mimi nikaja hapa hapa kijiweni nikatangaza kwamba hakuna mtoto Songea nzima aliyeshusha presha kama wangu. Kwa hiyo usidhani nilipona. Ugonjwa wa boga ninao mpaka leo. Kesho nitamwambia kondakta wa basi kwamba umepata chuo, na sitajali kama hajauliza.

Abiria tena. Huyu ana kuku.

Nimerudi, na ukinusa karatasi utajua kuku alikaa wapi.

Jibu la swali lako, basi. Unapata nini? Kwa kweli sijui kama unapata kitu. Ile presha waliiona mapema, hiyo tulipata. Zaidi ya hapo, majibu makubwa wanayoyatafuta yatakuja wewe ukiwa bibi, au yatakuja umeshaondoka, na yatamfaa mtoto wa mtu usiyemjua, huko Mbinga au Tunduru, au mbali zaidi. Ni kazi ya kuchosha na malipo yake anapata mwingine. Ungekuwa umeniuliza hivyo Jumapili kwa upole ningekujibu hivi. Wewe nawe uliuliza kwa ukali, umerithi kwangu, sikulaumu.

Ila kila nikifikiri hayo namwona bibi yako na ungo wake. Ulinieleza mwenyewe siku ile umepata barua ya chuo, ukachora chini kwa kijiti, kwamba mpima hawezi kupima shamba kama hana jiwe moja analolijua liko wapi, ndipo apime mengine kutoka hapo. Bibi yako alitaka kujua mguu wake ulianzia wapi, na hakukuwa na jiwe hata moja. Hicho ndicho kipande changu. Kama kina uzito au hakina, mzani ni wako.

Sasa nikuambie ya leo asubuhi, ulipokuwa umeshaondoka. Dada Zuhura alikuja hapa kijiweni. Mvi zimeanza kumtoka chini ya ushungi, lakini anatembea vile vile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Skola anaondoka lini?"

"Kesho."

"Hajapita."

"Hajapita, dada."

Akavuta kigoda cha Kasimu akakaa. Akanieleza kwamba wanaohama ndio wanaowaumiza kichwa. Wakibaki na wale tu wasioondoka Songea, watajua habari za wasioondoka, na wanaoondoka huwa na maisha mengine. Akasema Tabora kuna mtu wanayeweza kuzungumza naye, hutalazimika kurudi huku kila mwaka. Akasema pia, naandika kama alivyosema, kwamba ukikataa hakuna atakayekununia, kliniki ni yako kama ya mtu yeyote, na yote waliyoyaandika tangu uzaliwe hayatakwenda bure.

"Nipe namba yake," akasema, "nimpigie mimi mwenyewe."

"Namba ninayo, dada, lakini sikupi."

Kasimu akaacha kutafuna mua.

"Amekataa?" dada Zuhura akauliza.

"Sijui amekataa au amekubali. Mimi nilimjibia kabla hajajibu. Nimemjibia tangu yuko tumboni. Ngoja kwanza niondoke njiani."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ya nati, ila safari hii akatabasamu. Akaniandikia namba yake, nimeibandika nyuma ya karatasi hii kwa gundi ya viraka. Ukitaka kumpigia, utampigia. Ukitaka kuibandua na kuitupa dirishani hapo Makambako, itupe. Bibi yako aliurudisha wembe, na mimi nimeurudisha wangu. Siku ya kusaini au ya kukataa sitakuuliza, na ukiniambia umekataa, nitajisifu kijiweni kwamba nina binti mwenye msimamo. Unanijua, sikosi la kujisifia.

Bado jambo moja. Mwaka jana walipopima hata wazazi, ulikuwepo. Uliona mashine ya presha iliposimama kwangu, uliona dada Zuhura alivyonipima tena. Nilikuambia ni mashine mbovu, nikakuambia pia usimwambie mama yako. Ulipanda nyuma ya pikipiki, ukanishika shati kwa nguvu kuliko siku zote. Vidonge alivyoniandikia sikwenda kuvichukua. Mimi nikiwa mwanamume wa kunywa vidonge, Kasimu atasemaje?

Leo dada Zuhura kabla hajaondoka alitoa mashine yake kwenye mkoba akanifunga mkono pale pale, mbele ya watu, hakuniuliza. Ikasoma ilichosoma. Nikamngojea Kasimu afungue mdomo. Akasema tu, "Nenda, mkubwa. Abiria wako nitakushikia." Kasimu huyo huyo.

Kwa hiyo nakwenda. Kesho nikishakushusha stendi na basi likishaondoka, napitia kliniki moja kwa moja kabla ujasiri haujapoa. Usidhani ni biashara, kwamba baba amekubali vidonge na mimi sasa nikubali tepu. Hapana. Vidonge ni vya kwangu, nitavinywa usaini usisaini. Mama yako nimeshamwambia. Alinirushia mwiko, halafu akalia, halafu akaniuliza nitakula nini.

Ila wamesema watanitoa damu. Wewe utakuwa ndani ya basi, na mwenye kidole cha kushika sina. Kwa hiyo simu ikilia asubuhi na ukaona ni mimi, usiulize kuna nini. Pokea tu. Nieleze milima, nieleze jirani yako anavyokoroma, nieleze chochote, usikate mpaka nikuambie imeshaisha.

Ni mimi, niliyekudhania boga na mpaka leo sijaona jingine la kukushinda,

Baba